Mama mkwe anataka jiko la makaa ya mawe lilale chumbani kwa mtoto mchanga. Baridi ya Ilboru imezidi, nifanyeje?

MamaNeema_Ilboru
Jumanne, saa 2:40 usiku

Habari za usiku wapendwa. Naomba msaada, na naomba ajibu anayejua kweli, maana usiku umeshaingia na jambo lenyewe liko hapa mbele yangu.

Nimejifungua wiki tatu zilizopita. Tunaishi Ilboru upande wa juu, nyumba ya tofali za saruji, vyumba viwili na sebule, tumehamia Januari. Madirisha ni ya aluminiamu na yanabana vizuri, ila dari hatujaweka bado, ukilala chali unaangalia bati. Tangu masika yachanganye, ukungu unashuka kutoka Meru saa kumi jioni na hauinuki mpaka saa nne asubuhi. Sakafu ukiikanyaga bila ndala unasikia maumivu hadi kwenye magoti. Nepi nilizoanika Jumapili leo bado mbichi. Juzi saa nane usiku nilimshika Neema miguu, ikawa ya baridi, nikakaa naye macho hadi alfajiri.

Mama mkwe amekuja kutoka Kibosho kunilea uzazi. Ni mama mwema sana, mtori unaiva kabla sijaamka, na mtoto anamwogesha kwa mikono ambayo mimi sina. Yeye anasema mzazi na mtoto hawalali bila moto. Amelea saba namna hiyo na wote wako hai.

Sasa mume wangu ni dereva wa lori. Wiki iliyopita amerudi safari ya Kyela na nusu gunia la makaa ya mawe, amepewa huko, akaambiwa yanakaa na moto usiku kucha, si kama mkaa wetu ambao saa saba umeshakuwa majivu. Jana tumeyajaribu uani kwenye jiko la kawaida. Mwanzoni yamegoma, yakatoa moshi wa njano na harufu kama ya kiberiti, mpaka tukayawekea mkaa wa miti chini ndipo yakashika. Baada ya kama saa moja yakawa mekundu yote na moshi ukaisha. Mama akasema haya, moshi umetoka, sasa liingizwe ndani. Nikamwambia mama naomba tusubiri kidogo. Hajanigombeza, lakini leo ameshinda kimya, na ukimya wake unaniumiza.

Ninachouliza: moto ukishakuwa mwekundu bila moshi, bado una hatari? Kati ya makaa ya mawe na mkaa wa miti, yapi afadhali kwa ndani? Na kama moto haufai, huyu mtoto apate joto wapi?

Kijana_wa_Ngaramtoni
saa 2:58 usiku

Hongera kwa mtoto dada. Sisi huku Ngaramtoni tumekua na jiko ndani kila msimu wa baridi. Acha dirisha wazi upana wa vidole viwili, na weka beseni la maji kando ya jiko, maji yanavuta ile hewa mbaya. Usimnyime mama amani, wazee wanajua.

NesiRau
saa 3:06 usiku

Dada, kabla hujasoma jibu lingine lolote: jiko lisiingie chumbani usiku huu. La makaa ya mawe wala la mkaa wa miti. Nipo Moshi, ni muuguzi mwaka wa 14 sasa, na hili silisemi kwa kubahatisha.

Moto wa makaa ukiwa mwekundu bila moshi ndipo unatoa kwa wingi hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi angalau unakukohoza ukakimbia, hii haikupi taarifa. Ikiingia kwenye damu inashikamana na ile sehemu inayobeba oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwanzo kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaishiwa nguvu. Aliyelala hasikii chochote kati ya hivyo. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo anaivuta haraka kuliko wewe, na hawezi kukwambia kichwa kinamuuma.

Kijana wa Ngaramtoni, samahani mdogo wangu, lakini maji hayavuti hewa hiyo. Haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Na dirisha la vidole viwili linategemea upepo, tena usiku wa baridi mtu anaamka saa tisa anaona linapiga baridi, analifunga, analala tena. Hapo ndipo msiba unapoanzia.

Na jambo lingine ambalo huku kwetu linachelewesha watu sana: aliyevuta hewa ya makaa watu wanakimbilia kumnywesha maziwa. Sumu hii iko kwenye damu, imepitia mapafuni, maziwa hayafiki huko. Mtoe nje kwenye hewa safi, mpeleke hospitali apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili unachukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni safi inapungua nusu ndani ya saa moja na nusu hivi.

Habari ya joto la mtoto nitairudia, nina zamu, nipe dakika chache.

Boda_Sakina
saa 3:15 usiku

Ninachoandika kimenitokea. Julai, miaka minne iliyopita, mimi na mdogo wangu tulipanga chumba kimoja Sakina. Tulipika ugali, jiko tukaliacha ndani lituchemshie chumba. Niliamka sijui saa ngapi nataka kujisaidia, miguu haikunibeba, nikaanguka mlangoni, na mlango ukafunguka kwa uzito wangu. Hiyo ndiyo sababu niko hai. Mdogo wangu alikuwa anakoroma vibaya, povu mdomoni. Majirani wakatubeba.

Kwenye zahanati ya kwanza walimbana kidoleni kale kamashine kadogo, kakasoma 98, wakasema oksijeni iko sawa, huenda ni pombe. Hatukuwa tumekunywa. Jirani mmoja ndiye aliyeng'ang'ania tupelekwe hospitali kubwa. Mdogo wangu alipona, lakini kwa miezi alikuwa anasahau vitu, unamtuma dukani anarudi mikono mitupu anauliza alitumwa nini.

Dada, usikubali.

NesiRau
saa 3:31 usiku

Boda, pole sana, na asante kwa kuliandika. Watu walijue hilo: kamashine ka kidoleni hakatofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii, zote kanazisoma nyekundu. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa, sema mapema kabisa "alilala na jiko la makaa". Neno hilo ndilo litakalomwongoza daktari.

Sasa mtoto. Joto la mwili wake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Miguu kuwa ya baridi kidogo peke yake isikutishe, mguse kifuani na mgongoni. Kifua kikiwa cha baridi, hapo ana baridi kweli. Dawa ya kwanza ni ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu wanayofundisha wodini kwa watoto njiti. Inafaa kwa mtoto yeyote. Vua blauzi, mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, mweke kifuani wima, mfunge kwa khanga, juu jifunike shuka zito. Uso wake uwe wazi na umegeuka upande. Anayembeba awe macho, ukisikia usingizi mkabidhi mwingine. Si lazima uwe wewe. Baba anaweza. Bibi anaweza pia, na kifua cha bibi kina joto sawasawa na chako.

Kitanda kipashe kabla hajalala: chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, izungushie kitenge, iweke robo saa, halafu iondoe ndipo umlaze. Usimwache nayo. Kama hita ni ya wati 2,000, inakula yuniti 2 kwa saa, kwa hiyo iwashe nusu saa tu kabla ya kumwogesha, ni yuniti moja. Iwe mbali na mapazia.

MamaNeema_Ilboru
saa 3:40 usiku

Asanteni. Nimetetemeka kusoma habari ya Boda. Jiko liko nje na litabaki nje.

Ila niwaambie ukweli, nikimwambia mama "nesi wa mtandaoni amekataa" nitakuwa nimemvunjia heshima. Yeye ana ushahidi wa watoto saba. Nitamjibu nini akiniuliza mbona wao hawakufa?

Mzee_wa_Marangu
saa 4:12 usiku

Mwanangu, hongera kwa mtoto. Swali lako la mwisho ndilo lililonitoa kitandani. Nimezaliwa kwenye nyumba ya msonge hapa Marangu, na ujanani nimeishi miaka Ulaya nikilala hatua tatu kutoka kwenye makaa ya mawe. Niruhusu niandike kirefu.

Mwaka 1984 nilikwenda kusoma Gliwice, kusini mwa Poland, kwenye ukanda wa Silesia ambako makaa ya mawe yanachimbwa. Mwaka wa pili nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Joto lilitoka kwenye jiko la vigae lililojengwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kushuka stoo ya chini ya nyumba na kupandisha ndoo mbili za makaa. Watu wa kule wanayajua makaa kama sisi tunavyoijua migomba. Na bibi yule, katika baridi ya Januari ambayo mate yanaganda, alilala usingizi wa amani. Mwezi aliouogopa ni Aprili.

Nilidhani amekosea. Aprili kule baridi inaondoka, mchana jua, usiku nyuzi 8 au 10, unawasha moto kidogo tu wa kuondoa ubaridi ukutani. Akanionyesha kwa nini. Dohani inavuta moshi kwa sababu hewa iliyo ndani yake ni ya moto na nyepesi, na ya nje ni ya baridi na nzito. Tofauti ikiwa kubwa, inavuta kwa nguvu. Aprili tofauti ni ndogo, dohani inalala. Na kwa sababu hutaki joto jingi, unawasha moto mdogo na kuufinya hewa ili makaa yasiishe. Moto uliofinywa hewa na dohani iliyolala, vikikutana, ile hewa ya sumu inarudi chumbani badala ya kupanda. Kwa hiyo yeye kabla ya kuwasha alichoma kwanza gazeti kwenye kile kimlango cha chini ya dohani, aiamshe. Na hakufunga kile kizibo cha dohani hata siku moja wakati makaa bado yana vile vimiali vya bluu vinavyocheza juu yake. Vimiali hivyo ndiyo hewa yenyewe inaungua. Vikizimika na makaa bado mekundu, mwanangu, hewa haijaisha, inatoka bila kuungua.

Wapoland wana jina fupi la hewa hiyo, wanaiita czad, na hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Kila mwaka mfagiaji wa dohani alipita, mtu wa nguo nyeusi mwenye brashi na mnyororo, na kule ukikutana naye njiani unashika kifungo cha nguo yako upate bahati. Nami nilikuwa nashika. Hapo utaona wanavyomthamini mtu anayesafisha njia ya moshi. Pamoja na ujuzi wote huo, mji wa Kraków umepiga marufuku kuchoma makaa na kuni majumbani tangu Septemba 1, 2019, kwa sababu ya moshi uliokuwa ukiwaumiza watu.

Sasa turudi Ilboru. Usiku wa masika kwenu ni nyuzi 14 hivi, yaani ni Aprili ya bibi yule kabisa, na wewe dohani huna. Makaa yale yakiingia chumbani, kila yanachokitoa kinabaki kwenye chumba hicho.

Halafu mama mkwe wako. Usimwambie amekosea, kwa sababu alichokiona ni kweli. Mimi nimelala kwenye moto huo huo. Mama yangu aliniweka karibu na mafiga, ng'ombe wakiwa upande wa pili. Lakini kumbuka ile nyumba ilikuwaje: imeezekwa majani kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, na asubuhi ukitoka nje unaona moshi unavuja paa zima, kila jani linapitisha. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni, una mwali, na bibi yetu aliuamkia kila mara kuusogeza. Hata hivyo haukuwa bure. Bibi yangu alikufa macho yakiwa mekundu kwa moshi na kifua hakikumwacha. Nyumba yako wewe ni saruji na aluminiamu, imebana. Mtu akiniambia leo nimweke mjukuu wangu chumba kama hicho na jiko la makaa, nitamkatalia, hata angekuwa mama yangu mzazi amefufuka.

Mwulize mama nyumba yao ya Kibosho ilikuwa ya nini. Mwache asimulie yeye.

Na dari. Umesema bati liko wazi. Joto lote linapanda juu linaishia kwenye bati. Msisubiri hela ya jipsamu. Tafuteni viroba visafi, mviunganishe kwa cherehani, fundi avitandaze chini ya kenchi na kuvipigilia kwa vibati, lakini vikae mbali na nyaya za umeme na taa. Kitanda kisogezeni kutoka ukuta wa nje. Chini mkeka, juu yake kapeti au hata blanketi kuukuu. Mtashangaa.

Kijana_wa_Ngaramtoni
saa 4:30 usiku

Nimesoma yote. Dada nisamehe, ushauri wangu ungeweza kukuletea msiba. Nimetoka sasa hivi kumwambia mama yangu atoe jiko chumbani kwa wadogo zangu. Amelalamika lakini amelitoa. Mzee, swali moja: na ule mkaa mbadala wa mabonge, ule hautoi moshi kabisa, nao ni hivyo hivyo?

Mzee_wa_Marangu
saa 4:41 usiku

Umefanya vizuri sana kijana wangu. Ndiyo, nao ni hivyo hivyo. Uwe wa vumbi la mkaa, wa pumba au wa makaa ya mawe, kinachoungua ni kaboni. Pikia, ni mzuri, lakini pikia penye hewa. Usilale nao.

NesiRau
saa 4:44 usiku

Niongeze moja kwa makaa ya mawe ghafi, maana dada aliuliza yapi afadhali. Yana ubaya wa ziada. Ile harufu ya kiberiti uliyoisikia ni salfa, inababua njia ya hewa. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri makaa ya mawe ghafi yasitumike kabisa kama nishati ya nyumbani, na moshi wake wa ndani ya nyumba umewekwa kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Hata kuyapikia uani nisingeyapikia.

MamaNeema_Ilboru
Ijumaa, saa 5:20 asubuhi

Shikamoo mzee. Dada nesi, Boda, kijana, habari za asubuhi. Nimekawia kurudi kwa sababu tulikuwa na kazi.

Jumatano asubuhi nilimuuliza mama habari ya nyumba yao ya Kibosho, kama mzee alivyoniambia. Alianza kusimulia akiwa anamenya ndizi, akaendelea mpaka mtori ukaiva. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya majani. Alipojifungua wa tano wakawa wamehamia ya bati, lakini jiko likabaki kwenye jiko la nje, na yeye alilala huko huko nje na mtoto miezi mitatu kwa sababu ndiko kwenye moto. Kuta zake zilikuwa za mabanzi, akasema "ungeweza kumwona mpita njia kupitia ukutani". Halafu akanyamaza, akaangalia dirisha letu la aluminiamu, akalivuta, likajifunga. Akaniambia kuna binti wa jirani yao, zamani, aliyekutwa asubuhi amekufa na jiko la mkaa ndani, na wao walisema amerogwa. Hakusema kitu kingine kwa muda mrefu. Nami nilinyamaza.

Nikamsomea habari ya kangaruu. Akacheka, akasema kumbe hayo ndiyo mnafundishwa hospitalini, sisi tuliwafunga watoto kifuani tukienda shambani. Usiku huo alimchukua Neema, akamweka kifuani, akajifunga khanga mbili na shuka la kimasai juu, akakaa naye kwenye kiti mpaka saa saba mimi nikiwa nimelala. Tulipobadilishana nilimgusa mtoto mgongoni, alikuwa na joto zuri, jasho kidogo shingoni, ikabidi nimvue kofia.

Mimi ni fundi cherehani, sikusema mwanzoni. Viroba 22 vya unga na mchele nilivinunua dukani kwa Mangi hapa chini, nikavifumua, nikaviosha, vikakataa kukauka, mume wangu akavipiga pasi kwa mbali kimoja kimoja. Jana nimeviunga, jioni fundi ametandaza chumba cha kulala peke yake. Mvua ilipiga usiku na kwa mara ya kwanza sikusikia matone kama yako kichwani. Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa na ukungu kwa ndani. Mzee, huo ukungu ni wa kawaida? Na lile nusu gunia tulifanyeje, mume wangu hataki kulitupa.

Mzee_wa_Marangu
saa 5:52 asubuhi

Marahaba mwanangu. Nimemsomea mke wangu ulichoandika.

Ukungu huo ni pumzi zenu tu, watu wanne kwenye chumba kilichobana. Mchana fungua madirisha yote nusu saa, hata kama kuna baridi, godoro lipigwe hewa, la sivyo ukuta utaota uvundo na kifua cha mtoto hakitaupenda.

Makaa mpelekeeni mfua vyuma. Jirani zetu wa Mamba wanafua majembe na visu tangu enzi za mababu, kazi inafanyika penye upepo, na moto wa mivukuto unahitaji kitu kikali kama hicho. Mume wako akipita njia ya Himo siku moja, aulizie. Asirudi mikono mitupu, amwambie mfua vyuma ampe kisu cha jikoni cha mama.